Mashirika yabandike huduma zao vijijini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niyaseme mashirika yasiyo ya kiserikali yanayohudumia wazee, yatima na watu wenye ulemavu mkoani Dodoma. Sheria Namba 24 ya mwaka 2002 inayataka yaandae taarifa ya kazi zao kila mwaka, na umma uweze kuipata. Mjane wa Bahi au Chamwino ataipatia wapi? Mabango yapo, tena makubwa, yamejaa majina ya wafadhili. Kinachokosekana ni karatasi moja kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji: shirika gani, huduma gani, nani anastahili, apige simu ipi. Maofisa maendeleo ya jamii wa kata wanaweza kulisimamia hili kabla mvua za Desemba hazijaanza na chakula maghalani hakijaisha.

Msomaji wako,
Dodoma