Usianze na msumeno

Moshi,
8 Juni

Ndugu yangu Rashidi,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa shemeji yako, ambaye ameniagiza nikuambie kwamba tangu uliponitia moyo ninunue ile pikipiki ya Honda CG125, yeye hajawahi kulikuta beseni lake la kufulia bila oili. Barua yako nimeipata na nimefurahi kusikia kwamba CG125 ya marehemu baba yako mdogo bado imo bandani huko Muheza. Umeniuliza mambo mawili: kama inaweza kugeuzwa ikawa kafe resa kama yangu, yaani pikipiki ya usukani ulioshushwa na kiti cha mtu mmoja, na kama fundi aanze kukata fremu Jumamosi ijayo. La kwanza, inawezekana sana. La pili, tafadhali mzuie fundi huyo, na nitakueleza sababu kwa kirefu kwa kuwa sababu hizo zimenigharimu.

Yangu niliinunua kwa shilingi 650,000 kwa mwalimu mstaafu wa huku njia ya Marangu. Ilikuwa imelala miaka sita chini ya migomba, na siku niliyokwenda kuiona kulikuwa na kuku anayeatamia juu ya kiti, ikabidi tukubaliane bei huku mwenye kiti akituangalia kwa hasira. Kabla ya kutoa fedha nilipaka mafuta ya taa kwenye kitambaa, nikafuta uchafu kwenye shingo ya fremu mpaka namba ya chesesi ikasomeka, nikailinganisha na kadi, kisha nikafanya hivyo hivyo kwa namba ya injini. Nawe ufanye hivyo mapema, maana pikipiki ni ya urithi, na suala la kubadilisha jina kwenye kadi litahitaji karatasi za mirathi.

Kosa langu lilikuwa kuanza na sura. Nilimpelekea fundi wa kuchomelea picha kwenye simu, naye akakata mkia wa fremu siku hiyo hiyo, sentimita chache tu nyuma ya mahali shokapu za nyuma zinapofungwa. Ikapendeza kweli. Tukaweka kiti cha mtu mmoja chenye nundu, alichokishona fundi wa makochi kwa ngozi ya bandia ya rangi ya kahawia, nami nikaondoka nayo nikijiona mtu. Kwenye tuta la kwanza nilisikia sauti kama mtu anayepasua khanga: tairi la nyuma lilikuwa limepanda na kusugua kitako cha kiti, kwa sababu mkia wa asili ulikuwa umeinuliwa ili tairi lipate nafasi ya kupanda, na huo ndio tuliokuwa tumeutupa. Tena ule upinde wa nyuma ndio uliokuwa ukiziunganisha pande mbili za fremu. Bila huo, kiti kilicheza kushoto na kulia. Ilibidi fundi mwingine akunje bomba liwe nusu duara, aliinue kidogo na kulichomelea upya. Nililipa mara mbili kwa kazi ambayo msumeno wa dakika kumi uliianzisha.

Hapo ndipo nilipokaa nikajiuliza mtindo huu ulitoka wapi. Vijana wa London wa miaka ya 1950 na 1960, walioitwa Rockers, walikuwa wakikutana kwenye mikahawa ya kando ya barabara, maarufu zaidi ukiwa Ace Cafe uliofunguliwa mwaka 1938 kwenye North Circular Road, na fahari yao ilikuwa kufikisha maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160 hivi. Usukani ulishushwa ili dereva alale juu ya tenki na kukata upepo, kiti kikawa cha mmoja kwa kuwa abiria ni uzito, na waliokuwa na ufundi walichukua injini ya Triumph wakaipachika kwenye fremu ya Norton, wakaiita Triton. Hakuna kilichoondolewa kwa ajili ya picha. Sasa CG yetu ina nguvu farasi zipatazo 11 tu, na hata ukiinyoa mpaka ibaki injini na magurudumu, maili hizo 100 utazisikia kwenye hadithi. Sisi tunatafuta umbo, na sioni aibu kulikiri, ila kwa sababu hiyo hiyo hatuna haja ya kutupa kila kitu walichotupa wao.

Chukua kifuniko cha mnyororo. Honda waliiunda CG kwa ajili ya nchi ambako walijua pikipiki haitapata matunzo ya mara kwa mara, ndiyo maana valvu zake zinasukumwa kwa vijiti badala ya kamshafti (mhimili unaozifungua valvu) iliyo juu yenye mnyororo wake, na ndiyo maana cheni ya gurudumu imefichwa yote ndani ya bati. Mimi nililing'oa bati hilo kwa sababu kwenye picha hakuna aliyekuwa nalo. Vumbi la huku likaila cheni mpya kwa muda ambao naona haya kuutaja. Nimelirudisha, nimelipaka rangi nyeusi, na wanaocheka nawaacha wacheke.

Kwa hiyo anza na tenki na injini. Tenki langu lilikuwa na kutu ndani. Nilitia konzi ya nati, nikalijaza siki, nikaliacha siku mbili nikilitikisa kila nilipopita, kisha nikalisuuza kwa maji ya magadi ili ukali wa siki uishe. Kabureta ifungue yote, na zile jeti, yaani vitundu vinavyopitisha petroli, zizibue kwa upepo au uzi mmoja wa waya laini wa shaba, usitumie sindano. Valvu zipime kwa fila, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, injini ikiwa baridi kabisa, nafasi ni milimita 0.08. Vipuri visikutie hofu, kwani pikipiki nyingi za Kichina za bodaboda zina injini iliyonakiliwa kutoka hii, na ringi, sahani za klachi, hata kabureta utavipata duka lolote la hapo mjini. Ukiondoa boksi la hewa ukaweka chujio dogo la koni, jua kwamba hewa itazidi petroli: plagi yangu ilitoka nyeupe kama chaki na injini ikachemka kwenye mlima wa Marangu, mpaka nilipopandisha jeti kubwa saizi mbili ndipo plagi ikawa na rangi ya chai ya maziwa.

Usukani ule wa vipande viwili, unaofungwa kwenye nguzo za shokapu za mbele, ufunge tenki likiwa mahali pake, kisha uuzungushe mpaka mwisho kila upande. Mimi sikufanya hivyo, na kidole gumba changu kilibanwa kati ya mkono wa usukani na tenki nikiwa nakunja kuingia getini kwangu, mbele ya majirani. Waya za klachi na aksereta nazo zitakuwa ndefu mno, zifupishe. Vikanyagio viache vilipo, kwa sababu ukivirudisha nyuma kiki itavigonga.

Rangi iwe ya mwisho kabisa, baada ya kuiendesha mwezi mzima, maana koki yangu ilivuja petroli juu ya rangi ya siku tatu ikaitoa malengelenge.

Nitashuka Muheza kwa basi la Ijumaa. Fila nitakuja nayo, pamoja na plagi mbili mpya. Wewe tafuta siki na umwambie fundi wako aje Jumamosi bila msumeno.

Nduguyo,
Elia