Parabeni katika dawa za maji za watoto

Mhariri,

Wapo wazazi wanaomwaga dawa ya kikohozi mara tu wanapoona parabeni, yaani kemikali ya kuhifadhi dawa isiharibike, imetajwa kwenye chupa, nami nawasihi wasifanye hivyo, kwa kuwa dawa ya maji iliyofunguliwa, hasa kijiko kikichovywa ndani, huota bakteria na kuvu kwa urahisi, na parabeni kidogo ndiyo inayozuia hatari hiyo.

Wasiwasi wenye msingi unahusu zaidi propilparabeni, aina mojawapo ya parabeni, ambayo mwaka 2015 Shirika la Dawa la Ulaya liliiwekea kikomo cha miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa watu wazima na watoto waliozidi miaka 2. Viwanda viandike kiasi chake, si jina tu, tena kwa Kiswahili.

Mfamasia,
Morogoro