Viza za kulea wazee Uingereza: msiuze vihamba

Mhariri,

Tunaomba nafasi kuhusu matangazo ya "viza za kulea wazee Uingereza" ambayo bado yanazunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa Moshi na Arusha. Kwa anayeomba akiwa nje ya Uingereza, nafasi hizo zilifungwa tarehe 22 Julai 2025. Anayezitangaza leo anauza kisichokuwepo, na watu wanauza vihamba, yaani mashamba ya ukoo, na kukopa kwenye vikundi vya VICOBA ili wakinunue.

Siku hiyohiyo kazi zinazokubalika kwa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi zilipandishwa hadi ngazi ya shahada, na kima cha chini cha mshahara kikatoka pauni 38,700 kwa mwaka hadi 41,700. Wengi wanajikwaa hapa: kinachopimwa ni kazi, si cheti cha mwombaji. Kila kazi ina namba ya tarakimu nne. Kulea wazee ni 6135, upishi ni 5434, na zote ziko chini ya ngazi hiyo. Mpishi wa kambi ya watalii mwenye shahada mbili akiombewa kwa 5434 atakataliwa vilevile. Ipo orodha ya muda ya kazi chache za ngazi ya kati, ila inaisha mwishoni mwa 2026, na anayepita huko kwa mara ya kwanza haruhusiwi kwenda na mwenza wala watoto.

Wauguzi bado wana njia. Mshahara wao unapimwa kwa viwango vya kada yao, usipungue pauni 25,000, na lazima wapitie usajili wa baraza la wauguzi na wakunga la huko. Lakini Tanzania imo kwenye orodha nyekundu ya nchi zenye upungufu wa watumishi wa afya, ambako mwongozo wa Uingereza unakataza mawakala kuja kusaka wauguzi. Muuguzi anaruhusiwa kuomba mwenyewe, moja kwa moja kwa mwajiri. Kwa hiyo semina ya kuandikisha wauguzi yenye kiingilio ni ya kukimbia.

Lugha ya Kiingereza nayo imekazwa. Tangu tarehe 8 Januari 2026 anayeomba viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi kwa mara ya kwanza anatakiwa kufikia ngazi ya B2 (ya juu zaidi) badala ya B1. Kwa IELTS, mtihani wa Kiingereza, ni alama 5.5 katika kila sehemu kati ya nne. Ukipata 7 kwenye kuzungumza na 5 kwenye kuandika, umeanguka. Tena iwe IELTS ile iliyoidhinishwa kwa viza, iitwayo IELTS for UKVI. Kila mara wapo wanaofanya ya kawaida, na ada inapotea. Muuguzi aliyekwisha kufaulu mtihani wa lugha unaokubaliwa na baraza lake halazimiki kurudia.

Sasa cheti cha udhamini, ambacho mwajiri wa Uingereza humpa mwombaji ili aombe viza. Madalali huonyesha karatasi yenye muhuri mwekundu na bendera. Cheti halisi ni kumbukumbu ya kielektroniki yenye namba, na hutumika ndani ya miezi mitatu tu. Anza kwa kutafuta jina la mwajiri kwenye orodha ya wadhamini wenye leseni, ambayo iko wazi kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, gov.uk. Linganisha na mji aliopo. Kisha piga simu kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, usitumie aliyokupa dalali, maana matapeli huazima majina ya kampuni za kweli.

Ukiambiwa uchangie "hela ya cheti", kataa. Ada ya cheti, iliyofikishwa pauni 525 Aprili 2025, ni ya mwajiri. Tozo ya ujuzi, ambayo serikali ya huko humtoza mwajiri anayeajiri mgeni, pia ni yake: tangu tarehe 16 Desemba 2025 ni pauni 1,320 kwa mwaka kwa kampuni kubwa na 480 kwa ndogo, na haruhusiwi kukukata kwenye mshahara. Wewe unalipa ada ya viza, kipimo cha kifua kikuu kwenye kliniki iliyoidhinishwa, na mchango wa afya wa pauni 1,035 kwa mwaka, ambao watumishi wa afya wamesamehewa.

Aliyekwisha kulipa asifute ujumbe wa muamala wala mazungumzo ya WhatsApp. Avichape, aandike tarehe na kiasi, avipeleke polisi kabla laini ya dalali haijazimwa.

Washauri wa maombi ya viza,
Moshi