Chupa ya Maji ya Bahari Iliyofika Tukuyu

Tukuyu, Rungwe
9 Julai

Ndugu yangu Salum,

Assalaam aleikum. Barua yako nimeipata, pamoja na ile chupa ya maji uliyoifunga kwa nailoni kama mtoto mchanga. Ilivuka kwa boti hadi Dar es Salaam, ikalala stendi, ikapanda basi hadi Mbeya, na mwishowe ikaletwa na kondakta wa kosta aliyetaka kujua kwa nini mtu atumiwe maji Tukuyu, mahali ambapo mvua haijui likizo. Sisi hatujambo, ni baridi tu inayotuonea.

Uliniuliza kama ni kweli, kama ulivyosikia redioni, kwamba bahari inageuka siki, na kama mita ya pH ya maabara yetu inaweza kulionyesha jambo hilo katika maji ya Paje, huko kwenu Unguja. La kwanza ni jepesi, na mwalimu wa baiolojia kama wewe halihitaji kwa kirefu. La pili ndilo lililoninyima usingizi.

Bahari haigeuki siki. Maji yake ya juu yalikuwa na pH (kipimo cha uasidi: chini ya 7 ni asidi, juu yake ni besi, kinyume cha asidi) ya karibu 8.2 kabla ya zama za viwanda na sasa yako karibu 8.1, yaani bado yapo upande wa besi. Lakini kipimo hicho hakiendi kama rula: kila hatua moja ni mara kumi, hivyo kushuka huko kudogo kunamaanisha kwamba ioni za haidrojeni, ambazo ndizo zinazoleta uasidi, zimeongezeka kwa takriban asilimia 30. Chanzo chake ni hewa ukaa tunayoitoa kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na misitu, ambayo bahari humeza karibu robo yake kila mwaka. Ikishaingia majini hufanya asidi ya kaboniki, asidi hiyo huachia ioni za haidrojeni, nazo huzinyakua ioni za kaboneti ambazo chaza, konokono na matumbawe huzitegemea kujengea magamba na mifupa yao. Ni kama fundi aliyefika kazini akakuta matofali yameibwa.

Sasa nije kwenye chupa yako. Jumatano niliipeleka Kidato cha Tatu, nikachovya mita mbele yao, ikasoma 7.6. Darasa zima liliguna, na kijana mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, basi Zanzibar wamekwisha." Naona aibu kuliandika hili, lakini nilishinda na namba ile kutwa nzima nikiiamini. Jioni ndipo nilipokumbuka kwamba mita haijalinganishwa tangu mitihani ya mwaka jana. Nikakoroga vipakiti vya bafa ya 7 na ya 10, yaani unga wa kutengenezea maji yenye pH inayojulikana, nikairekebisha, nikachovya tena: 7.8. Hata hiyo haikuwa bahari yako. Ndani ya maji yale mlikuwa na vijidudu hai, ambavyo kwa siku nne za safari vilikuwa vikipumua gizani katika chupa iliyozibwa na kuijaza hewa ukaa, kwa hiyo nilichokipima ni pumzi zao na uzembe wangu.

Watafiti wenyewe huukwepa mtego huo kwa kutia kidogo kloridi ya zebaki mara tu chupa inapojazwa, ili kila kilicho hai kife na maji yabaki yalivyotekwa. (Ni sumu kali, usijaribu kuitafuta.) Kisha wanacho cha kulinganishia. Tangu miaka ya 1990 maabara ya Andrew Dickson, katika Taasisi ya Scripps huko California, imekuwa ikitayarisha chupa za maji ya bahari ambayo kemia yake imepimwa kwa usahihi mkubwa, na kuzisambaza kwa maabara za nchi nyingi, ili anayepima Hawaii na anayepima Afrika waweze kuelewana. Katika kituo cha ALOHA, baharini kaskazini mwa kisiwa cha Oahu huko Hawaii, vipimo vimechukuliwa karibu kila mwezi tangu 1988, na kushuka kwa pH kulikoonekana hapo ni kama 0.002 kwa mwaka. Mita yetu ina desimali moja. Ningelazimika kusubiri miaka 50 ndipo tarakimu yake ya mwisho ishuke mara moja, na hesabu hiyo, Salum, sitaifunga mimi.

Pwani yenu ni ngumu zaidi kuliko bahari kuu. Mchana mwani na nyasi za baharini huivuta hewa ukaa kutoka majini na pH hupanda. Usiku kila kiumbe hupumua na pH hushuka, na kupanda na kushuka kwa siku moja tu katika maji mafupi kunaweza kuzidi badiliko lote la bahari kuu tangu zama za viwanda. Aliyepima mara moja saa nane mchana hana la kutuambia.

Usidhani kwa sababu hiyo kwamba jambo lenyewe ni la kwenye makaratasi. Mwaka 2007 na 2008, katika kituo cha kutotolea chaza cha Whiskey Creek, jimbo la Oregon huko Marekani, viluwiluwi wa chaza walikufa kwa mamilioni. Kwanza wenye kituo walishuku bakteria. Baadaye ikabainika kwamba upepo ulikuwa ukiyapandisha maji ya kina kirefu, yenye hewa ukaa nyingi, hadi kwenye mabomba yao, na kwamba chaza mchanga hukosa nguvu ya kujenga gamba lake la kwanza katika maji hayo. Dawa yao ilikuwa kuyapima maji saa zote na kuyatia kaboneti ya sodiamu, ambayo ni ndugu wa damu wa magadi tunayotia kwenye maharage. Nilipowaeleza wanafunzi, hilo ndilo walilolikumbuka.

Kuna pia jaribio ambalo volkano imelifanya yenyewe. Unajua kwamba hapa Rungwe hewa ukaa hutoka ardhini na hujazwa kwenye mitungi kwa ajili ya viwanda vya soda. Huko Ischia, Italia, gesi ya namna hiyo hububujika kutoka sakafu ya bahari, na mwaka 2008 Jason Hall-Spencer na wenzake walieleza walichokiona: kadiri unavyokaribia mapovu, matumbawe na viumbe vyenye chokaa hupungua, magamba ya konokono huliwa, lakini nyasi za baharini hustawi.

Yaliyosemwa kuhusu samaki nayapokea kwa tahadhari zaidi. Mwaka 2009 watafiti wa Australia waliandika kwamba makinda ya samaki wa matumbawe katika maji ya namna hiyo hupotewa na uwezo wa kutambua harufu. Mwaka 2020 Timothy Clark na wenzake walirudia majaribio hayo kwa samaki wengi wa matumbawe na hawakuziona athari hizo kubwa. Hoja ya magamba haikutikisika. Ya pua za samaki bado wanaibishania. Na mwani anaoulima shemeji haujengi gamba. Ukioza, ningeshuku joto la maji kwanza.

Nimempa kondakta yule yule kifurushi chako: vipakiti vya bafa, na majani ya chai kilo moja kwa shemeji. Ilinganishe mita ya shule yenu kila asubuhi, upime pale pale ufukweni alfajiri na saa tisa alasiri, kwa siku thelathini, ukiandika pia joto la maji na kama yanajaa au yanakupwa. Daftari hilo halitaonyesha badiliko la karne, ila litaonyesha pumzi ya siku. Likijaa, wapelekee Taasisi ya Sayansi za Bahari hapo hapo Unguja, uwaulize wao wanapima wapi na mara ngapi.

Chupa usitume tena. Kama lazima kitu kije, basi ziwe karafuu.

Wako,
Ambakisye