Gari likichemsha kwenye foleni, pimeni umeme wa feni kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye magari, na mafundi wenzangu pia. Gari likichemsha, gereji nyingi zinakimbilia kung'oa themostati, ile vali inayoruhusu maji ya injini kwenda kwenye rejeta. Likirudia, hedi (kichwa cha injini) inashushwa. Kumbe mara nyingine kilichokufa ni relei ya feni, yaani swichi ndogo ya umeme inayoiwasha.

Gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa likishika kasi halipati upepo wa feni. Likichemsha kwenye mwendo mkubwa, tazameni maji, rejeta na pampu. Na mshale ukipanda pale tu unapowasha taa kubwa, injini haina neno: ni ethi (muungano wa hasi kwenye bodi) mbovu inayodanganya geji.

Washa AC. Kwenye magari mengi feni ya rejeta itazunguka. Ikizunguka, mota na fyuzi havina tatizo, shaka inahamia kwenye sensa ya joto. Ukiipima ukinzani kwa mita, ya Toyota nyingi husoma kati ya kilo-ohm 2 na 3 kwenye nyuzi joto 20, na ohm 200 hadi 400 kwenye nyuzi joto 80.

Isipozunguka, pima fyuzi (aghalabu ni ya ampia 30 au 40) kwa mita ya umeme, si kwa macho. Kisha azima relei ya honi kama namba za miguu zinalingana. Bado? Chomoa relei, kisha unganisha tundu namba 30 na 87 za kikao chake kwa waya mnene wenye fyuzi. Feni ikiwaka, relei haipati amri. Ikigoma, kosa liko kwenye nyaya, ethi, au kaboni za mota zimekwisha.

Hapa ndipo wengi wanapotea. Wanachomoa plagi ya feni, mita inaonyesha volti 12, wanasema umeme upo. Plagi ikiwa imechomolewa hakuna mkondo unaopita, hata waya uliobaki uzi mmoja utaonyesha 12. Pima feni ikiwa inazunguka: mita iwe kwenye kipimo cha volti 20 za DC, ncha moja chanya ya betri, nyingine waya chanya wa feni. Isizidi nusu volti. Rudia upande wa hasi, ikizidi 0.3, safisha ethi. Feni inayopata volti 9 inazunguka, ila haipozi vya kutosha.

Hii tabia ya kuunga feni dairekti kwenye swichi ya ufunguo mimi siikubali. Feni inakula ampia 10 hadi 20. Waya mwembamba usio na fyuzi unayeyuka, na swichi inaungua nao. Kama lazima, daini relei na fyuzi ya ampia 30 karibu na betri.

Mkitaka kushika panga la feni, fungueni kwanza hasi ya betri. Magari mengine feni huwaka yenyewe hata ufunguo ukiwa mfukoni.

Fundi umeme wa magari,
Dar es Salaam