Wenye maduka, msiwauzie watoto fashifashi

Mheshimiwa Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme hili la fashifashi, maana tangu sikukuu ya mfunguo tatu ipite usingizi wangu si ule.

Mie nakaa Wete, Pemba. Sikukuu hii wajukuu zangu wote saba walikuja, watatu wa Dar na wanne wa Unguja, wameshuka bandari ya Mkoani na bahari imewachafua wote hata yule mkubwa wa sekondari, na toka siku hiyo nyumba haina pa kukanyaga, majamvi ukumbi mzima, mabegi, viatu vya sikukuu havijavaliwa bado vimepangwa ukutani mstari mmoja. Wallahi nilifurahi, nyumba ilikuwa kimya tangu babu yao afariki. Sikukuu mosi tukachinja, tukapika pilau, jioni wakapelekwa Tibirinzi kule Chake kupanda mabembea wakarudi sauti zimewakauka.

Kila mmoja nlimpa mkono wa Idi, elfu mbili mbili. Ndo hizo zilizonunua fashifashi. Mtoto wa miaka minane kenda dukani peke yake, kalipa, kapewa na kiberiti juu, hakuna alomuuliza mzee wako yuko wapi. Na mie nlotoa pesa sikuuliza pia, hilo nalikiri mbele ya Mungu.

Sikukuu pili baada ya Isha wakakusanyika uwani. Mwanzo ilikuwa raha kweli, tumetandika jamvi na watoto wa jirani wamekuja, yule mkubwa anatueleza mambo ya skuli kuwa zile rangi ni madini, kijani ni bariamu, nyekundu ni strontiamu, buluu ni shaba, nami nasikiliza huku namuona kafanana na babu yake kabisa. Wadogo wameshika vile vijiti vya cheche wanazungusha, na vijiti hivyo sote twaviona vya kitoto lakini moto wake unafika kama digrii elfu moja, na maji yachemka kwenye mia tu. Mie sikuyajua hayo mpaka baadae.

Kisha wakawasha zile za kuripuka. Moja ikazima. Tukangoja kidogo, haijalia, yule wa miaka minane akaenda akaiokota aitazame na moto kumbe bado umo ndani ya utambi. Iliripukia mkononi mwake. Cheche nyengine zikaruka mpaka kwenye makuti ya banda la jiko, bahati mkwe wangu alikuwa karibu na ndoo.

Na hapa nataka wasomaji wanisikilize. Jirani kaja mbio na dawa ya meno, mwengine na asali, kila mtu na lake, mtoto analia mpaka pumzi inakatika. Mkwe wangu akawakatalia wote, akamkalisha akawa anammwagia maji ya kawaida kwa kata, kata baada ya kata, yapata dakika ishirini, ndipo tukatafuta gari. Hospitali daktari katwambia hayo maji ndo yaliyomsaidia, dawa ya meno ingeuzuia moto ndani ya ngozi na kumzidishia jaraha, na barafu pia isiwekwe.

Wapo watakaosema bibi huyu anataka kuwanyima watoto sikukuu. Hata. Mie mwenyewe kila mwaka mkesha wa tarehe 12 Januari nakaa kwenye tivii kungoja saa sita usiku nione fashifashi za Mapinduzi, lakini zile wanapiga watu wanaojua kazi na watu wamewekwa mbali. Uwani kwetu nyumba zimebanana, makuti, kuni, ng'ombe wa jirani alikata kamba usiku ule akapatikana asubuhi. Tena Wete hapa kuna wazee waliokuwepo Januari 2001, polisi walipowapiga risasi waandamanaji, mripuko wa ghafla usiku unawapeleka mbali na haiwi kheri.

Ninachoomba ni hivi. Mwenye duka asimuuzie mtoto, amwambie kamwite mzee wako, basi. Masheha nao wachague kiwanja kimoja, usiku mmoja wa sikukuu, wawashe watu wazima na ndoo za maji ziwepo, watoto wakae mbali waangalie na wafurahi. Na ile isioripuka isiguswe na mtu, iwachwe hapo hapo kisha imwagiwe maji mpaka irowe.

Mjukuu wangu anaendelea vizuri alhamdulillah, ngozi inarudi, ila kidole gumba bado hakikunji sawasawa, na mwezi wa saba skuli zinafunguliwa na ndo mkono anaoandikia.

Bibi wa wajukuu saba,
Wete, Pemba