Esta zimejaa Mombasa, ila kwenye video hazimo

Kwa Mhariri,

Kuna mzazi aliyeandika kwenye ukurasa huu akitaka simu zifungiwe kabatini likizo nzima, kwa kuwa mtoto akisema anasoma YouTube basi ni uongo mtupu. Mimi naishi Mikindani na mjukuu wangu wa kidato cha tatu, na likizo hii ya Agosti nimekaa naye kitako tukitazama masomo ya kemia ogania, ile kemia ya kaboni inayowatoa watoto jasho. Si uongo. Lakini nami nina langu la kulalamikia, na si la kabati.

Kwanza niwape haki yao hao wenye video. Nilikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kusafisha mafuta pale Changamwe, kile kilichoanza kazi 1963 kikaacha kusafisha mafuta ghafi 2013. Ule mnara wa kutenganisha mafuta naujua kama nyumba yangu. Mafuta ghafi yanapashwa moto kufikia nyuzi 350 hivi, mvuke unapanda, gesi inatokea juu kabisa, chini yake petroli, kisha mafuta ya taa, dizeli, na lile zito linalobaki chini ndiko inakotoka lami. Mpangilio huo ningeweza kuusema usingizini. Sababu yake sikuijua, na sikumbuki kama niliwahi kumuuliza mtu. Imenibidi nistaafu, nilale jamvini, nimsikilize kijana wa Marekani anayechora kwa kalamu za rangi: methani ina kaboni moja, propani na butani za mtungi wa jikoni zina tatu na nne, na kadiri mnyororo unavyorefuka ndivyo molekuli zinavyong'ang'aniana na kutaka moto zaidi ili ziachane. Basi! Miaka yote ile! Nikamwambia mjukuu airudishe. Akairudisha mara tatu, na kijana wa watu hakukasirika.

Hapo ndipo nilipotaka kuamini kuwa mwalimu hahitajiki tena. Siku ya pili nikajirudi.

Somo lilikuwa la isoma, yaani atomi zilezile kuungwa kwa namna tofauti. Mjukuu alitazama huku akitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, nimeelewa. Video ilipokwisha nikamwambia aweke simu chini anichoree isoma za C5H12. Akachora tano. Nami nilikuwa nimesikia vizuri kuwa ni tatu. Akasema Babu umesikia vibaya, hizi hapa tano, zihesabu. Tukabishana mpaka nyanya yake akatuuliza tunagombania nini. Dawa tuliipata jikoni kwake: ndimu tano zikawa kaboni, zabibu kavu za pilau 12 zikawa haidrojeni, na vijiti 16 vya kuchokolea meno vikaziunganisha. Kila ndimu mikono minne, isizidi wala isipungue, na mikono hiyo haikulala bapa kama kwenye karatasi. Imetawanyika pande zote, kwa pembe ya nyuzi 109.5 kati ya mmoja na mwenzake. Mjukuu akaishika isoma yake ya nne, akaizungusha kidogo mkononi, ikawa ile ya kwanza. Alikuwa ameupinda mnyororo tu, akadhani amepata kitu kipya. Ya tano ikawa ni ya pili iliyogeuzwa kichwa chini.

Video ilikuwa imelisema hilo, tena vizuri. Tatizo ni kwamba kusikia kuwa mnyororo uliopindwa ni uleule, na kuupinda kwa vidole vyako, ni mambo mawili. Video haijui kama umekunja karatasi au umekunja miguu.

Sasa nifike kwenye langu. Tulipoingia kwenye esta, yaani kinachopatikana asidi na alkoholi zinapoungana, na nyingi zake hunukia, mwalimu yule akataja mojawapo, methili salisileti, akasema harufu yake kila mtu anaijua, ni ya wintergreen. Mjukuu akaisimamisha. "Babu, wintergreen ni nini?" Sikujua. Tulipotafuta tukaambiwa ni mmea wa Amerika Kaskazini, na wenyewe huko wameizoea harufu hiyo kwenye peremende. Tukaliacha hapo, somo likatupita. Usiku goti likaanza ada yake. Nikatoa bomba la dawa ya kuchua, nikavaa miwani nitazame kama haijapitwa na tarehe, na macho yakaangukia viambato: methili salisileti, jina lilelile! Niliita kwa sauti mjukuu akaja mbio akidhani nimeanguka. Akainusa. Akacheka mpaka akakaa chini. Esta aliyoitafuta mchana kutwa ilikuwa chini ya mto wa babu yake.

Mheshimiwa Mhariri, mji huu unanuka kemia ogania kila kona. Asumini wa kwenye kikuba, kile kifungu cha maua ya kunukia, na mlangilangi vina esta iitwayo benzili asetati. Ndizi mbivu ina yake. Tembo la mnazi likigemwa asubuhi ni tamu. Hamira ya hewani inaila sukari inatoa ethanoli na hewa ya kaboni, na likiachwa siku kadhaa bakteria wanaigeuza ile ethanoli kuwa asidi ya ethanoiki, nalo linakuwa siki. (Simwambii mtoto aonje, atazame tu linavyotoa povu.) Akina mama wanaochemsha mafuta ya nazi na kastiki soda kupata sabuni wanafanya somo zima la kidato cha nne, na glisarini inayobaki wakati mwingine huimwaga bila kujua ni nini. Na mtu wa kisiwani aliyewahi kufulia maji ya kisima anajua sabuni inavyogoma kutoa povu na kuacha utando mweupe kwenye karai. Maji hayo yamepita kwenye mawe ya matumbawe, yamebeba madini ya kalisi, na kalisi inaikamata sabuni. Swali la maji magumu halitoki mbali na beseni letu.

Hayo yote sijayaona kwenye video hata moja tuliyotazama. Nilichoona ni mjukuu kupoteza jioni mbili kwenye mishale ya kupinda inayoonyesha elektroni zinakwenda wapi, jambo zuri la chuo kikuu, ambalo mtihani wa kumaliza kidato cha nne, KCSE, haumuulizi. Nilichoona ni yeye kuandika 2-butene kwa kuwa ndivyo Mmarekani anavyoandika, ilhali kitabu chake cha shule kinasema but-2-ene. Akaanza kuchora vimistari vya zigizaga bila kaboni wala haidrojeni, na mtihani unapotaka fomula ya muundo unataka kila kiungo kionekane. Kijana wa Marekani hana kosa. Alikuwa akimfundisha mtoto mwingine.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa walimu wa kemia wa Mombasa na kwa wanafunzi wa sayansi pale Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, Tudor. Rekodini zenu. Haihitaji studio; simu moja, ukuta mweupe na chaki zinatosha. Fundisheni kwa Kiswahili chetu, majina ya mtihani yabaki kama mtihani unavyoyataka, na kila baada ya dakika tano semeni: weka simu chini, chora. Asidi ya salfuriki iliyokolea na gesi ya ethini (ethene) inayotengenezwa kwa nyuzi 170 viacheni maabara, mtoto asije akajaribu kwa sufuria ya mamake. Lakini sabuni, siki, kikuba na kisima viko mlangoni. Na muziweke fupi, ziweze kupakuliwa, maana bando hukatika pale pale palipo patamu.

Kwa yule mzazi wa kabati: kaa naye siku moja tu, na uchukue ndimu. Za kwetu mjukuu amerudi nazo bweni zikiwa achari.

Wako,
Mstaafu,
Mikindani, Mombasa